Kiko Mnadani

Upendo alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele, akasema mama yake amefariki. Nikamwambia pole sana, nikauliza mazishi lini, kisha nikarudi kwenye ungo wangu na kuendelea kutoa mawe. Nilidhani machozi yatakuja nikimaliza mchele. Hayakuja. Nilidhani yatakuja njiani kwenda Iringa, labda basi likifika Nyololo, maana zamani kila nilipokuwa narudi chuoni kutoka likizo, Mama Upendo aliniagiza nimnunulie pale ndoo ya viazi, akidai viazi vya sokoni Iringa vimechoka kama wauzaji wake. Tukapita Nyololo, wauza viazi wakakimbilia madirishani kwa kelele zao zilezile, nikawaangalia tu. Nimezika wengi katika umri huu na ninajijua, mimi si mkavu wa macho. Lakini siku ile nilikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, unajigusa shavu unaona ni la mtu mwingine.

Nyumba yao ya Kihesa nilikuta imeshatolewa makochi, mikeka imetandazwa sebuleni, wanawake wamekaa miguu mbele. Kitu pekee kilichobaki ndani ni kabati la vioo, kwa sababu lilikuwa zito na wanaume waliona uvivu kulihamisha. Nikakaa ukutani mkabala nalo. Nje, karibu na bomba, alikuwa amekaa Mzee Kalinga, Baba Upendo, kwenye kiti chake cha mbao chenye mikono, koti limefungwa vifungo vyote, pumzi yake ikiingia na kutoka bila shida. Watu walimpa mkono, yeye akaitikia kwa kichwa. Nikamsalimia, "Kamwene, baba." Akanitazama kwa muda, akajibu, "Kamwene, Atu," basi, akarudi kutazama bomba. Hilo ndilo lililonishinda kulipanga kichwani. Mwaka ule nilioishi nao, sote katika nyumba ile tulikuwa tunajiandaa kumzika yeye.

Nilikuwa na miaka ishirini, nasoma ukatibu muhtasi, nikapangishiwa kwao chumba kilichopakana na sebule. Ukuta ulikuwa haufiki juu, na dari halikuwapo, hivyo kila neno la sebuleni lilipanda, likapita juu ya ukuta na kushuka kitandani kwangu. Mzee alikuwa amestaafu udereva. Alikuwa ameendesha lori la kubeba tumbaku, akiitoa Chunya na kuipeleka mpaka Morogoro, na kutoka kwenye kazi hiyo alibaki na vitu viwili: marafiki huko Lupa waliomletea misokoto ya majani ya tumbaku, na kiko cha mti mweusi ambacho mdomo wake ulikuwa umelika upande mmoja kwa meno yake. Jioni tukishakula, kwa kawaida makande au ugali na maboga, mimi nilitoa vyombo, Mama Upendo alisogeza jiko la mkaa katikati kwa sababu ya baridi, na mzee alianza kukata tumbaku kwa kisu kidogo. Hakuwa na haraka. Alikata, akasugua kiganjani, akashindilia kwa kidole gumba, akaokota kaa kwa koleo. Moshi ukishatoka mara ya kwanza, naye akaanza kuongea.

Sijapata kusikia mtu mwingine akiongea vile. Alimweleza mkewe lori lilivyokatika breki kwenye mlima wa Kitonga, utingo wake akaruka na kuliacha koti lake kitini likining'inia kama mtu. Alimweleza habari za mama muuza uji wa Igawa aliyekuwa akiwatukana madereva wote isipokuwa wanaoomba sukari ya pili. Nami nilitaniwa nikipita na sufuria: "Nyie Wanyakyusa mnakula ndizi halafu mnasema mmekula chakula. Ile si ni kupooza tumbo tu?" Mama Upendo alicheka mpaka akashika kiuno. Hadithi alizijua zote, nilikuja kugundua baadaye, kwa sababu mzee akikosea jina la mtu alimsahihisha. Alikuwa hasikilizi hadithi. Alikuwa anamsikiliza yeye.

Kisha kikaja kikohozi. Kwanza cha asubuhi, baadaye cha kutwa, mwisho kile cha kumwinamisha mtu mpaka akashika meza. Walikwenda hospitali, wakarudi na maneno ya daktari ambayo Mama Upendo aliyarudia sebuleni jioni ile mara nyingi, na mimi nikayapokea yote juu ya ukuta. Daktari alikuwa amesema, "Mzee, chagua. Kiko au mjukuu wako wa kwanza." Upendo alikuwa na mimba wakati huo, ameolewa Kilolo. Mzee akasema daktari mwenyewe ni kijana, hata ndevu hana. Mama Upendo akasema ndevu hazipimi mapafu. Nikasikia kiko kikigongwa mguuni mwa kiti, tak tak, kumwaga majivu.

Wakati huo usharika wetu ulikuwa na kikundi cha watu wanaotaka kuacha tumbaku. Kilikutana Alhamisi, na kwa kuwa chumba cha kanisa kilivuja, Mama Upendo akajitolea sebule yake. Aliyekiongoza ni Mwinjilisti Sanga, mtu mfupi mwenye sauti ya kuwaita watu ng'ambo ya bonde, ambaye alikuwa ameacha sigara yeye mwenyewe na hakuchoka kutueleza ilivyokuwa. Alikianzisha Kwaresima, katikati ya msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, wakati ambao kila anayekunywa huvuta. Watu walimwambia asubiri ulanzi upite. Akasema anayeweza kuacha vilabu vikiwa vimejaa, ameacha. Walikuja fundi uashi, kondakta, walimu wawili na bibi mmoja wa ugoro ambaye siku ya kwanza alitaka kujua kama ugoro nao ni tumbaku, maana yeye hauvuti, anauweka tu. Baada ya maelezo marefu ya mwinjilisti, bibi akasema, "Kumbe. Basi na mimi nimo."

Nikiwaza leo juhudi zile, naona zilikuwa za maana na zilikuwa za watu wasio na kitu. Hapakuwa na dawa. Palikuwa na tangawizi ya kutafuna, mbegu za maboga zilizokaangwa, maji ya kunywa kwa mafunda madogo, na sheria moja kwamba hamu ikikushika unakwenda kugonga kwa mwenzako, naye haruhusiwi kukuuliza umefuata nini. Kwa hiyo ilikuwa kawaida kumkuta fundi uashi amesimama mlangoni kwetu saa ya chai, mikono mfukoni, kimya. Mama Upendo alimpa mbegu na kiti. Akitulia, akaenda zake. Mwinjilisti alipenda kusema mvumilivu hula mbivu, na Mama Upendo alipenda kumjibu, "Ndiyo, mwinjilisti, ila nyingine zinaozea mtini." Nilichapa kwa mashine ya chuo karatasi za kubandika shuleni na kwenye stendi, za kuwaasa vijana wasianze. Upepo ulizichana. Tukabandika tena.

Na mzee aliacha. Hili naomba lieleweke, kwa sababu wapo wanaosema mtu mzima haachi. Aliacha wiki ile ya kwanza na hakurudi. Alitetemeka, alitoka jasho kwenye baridi ya Iringa, alimfokea mbuzi wa jirani kama anafokea mtu, lakini hakuvuta. Ikapita Pasaka, kikohozi kikaanza kulegea, akaanza kupanda kile kilima cha kanisani bila kusimama. Kikundi kizima kilimtazama yeye. Fundi uashi alikuwa akisema, "Mimi namwangalia mzee. Mzee akiteleza, na mimi nimekwisha."

Ila alinyamaza. Mwanzoni tulidhani ni zile siku za taabu, zitapita. Tukishakula nilitoa vyombo, Mama Upendo alisogeza jiko, mzee alikaa kwenye kiti kilekile. Mikono yake ilikaa mapajani, haijui pa kwenda. Mama Upendo alimchokoza: "Yule mama wa uji wa Igawa, hivi aliitwaje?" Mama mwenyewe alijua jina, mimi nami nilikuwa nimeshalijua. Mzee akasema, "Nani? Aa, sikumbuki." Makaa yakalika mpaka yakawa jivu. Kwa kweli ukuta ule usiofika juu sasa ulinipa kazi mpya, ya kusikiliza watu wawili wakiwa kimya, na nakwambia hiyo ni ngumu kuliko kusikiliza ugomvi.

Mwinjilisti alikuwa akimchukua mzee kwenda naye kwenye madarasa ya kipaimara na shule za sekondari, awe ushuhuda. Mara moja nilikwenda nao kubeba karatasi. Mzee akasimamishwa mbele ya wanafunzi, akaambiwa aeleze. Akafungua mdomo. Akaangalia mikono yake, akafunga mdomo, akakaa. Msichana mmoja wa mbele akauliza kwa hofu, "Mwinjilisti, tumbaku ndiyo imemchukua sauti?" Mwinjilisti Sanga alikohoa kidogo, akasema tuombe. Hakumsahihisha, na wanafunzi wale, nasikia, wengi wao hawakuwahi kugusa sigara. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mzee mbele, sisi nyuma.

Sikukuu ya mavuno mwaka ule ndiyo siku ninayoiona wazi kuliko zote. Mwinjilisti alipanga wanakikundi wapeleke madhabahuni tumbaku na vyombo vyao vyote, mbele ya usharika, na baada ya ibada vizikwe kwenye shimo alilokuwa amelichimba mwenyewe nyuma ya kanisa. Ikawa hivyo. Watu walipita na mahindi, maharage, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu. Nao wakapita na vyao. Bibi aliweka kopo la ugoro. Mzee Kalinga aliweka msokoto mzima aliokuwa ameletewa kutoka Lupa, na juu yake akalaza kiko, taratibu, kama anayelaza mtoto. Mchungaji akaombea sadaka yote kwa pamoja. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kila anayesali Kilutheri huku kwetu anajua sadaka ya mavuno ikishaombewa inakwenda wapi: inakwenda nje, mnadani. Wazee wa kanisa hawakuambiwa habari za shimo, au waliambiwa wakasahau. Walibeba kila kitu.

Dalali wa mnada alikuwa Mzee Chusi, mzee wa kanisa, ambaye kwa siku za kawaida alikuwa mpole kupita kiasi, lakini ukimpa jogoo mkononi na watu mbele yake alibadilika. Aliuza kuku, akauza maboga, akauza mayai huku akilia kwamba kuku aliyeyataga ameokoka. Kisha akainua msokoto na kiko. Watu wakacheka. Yeye hakuona cha kuchekesha. "Mali ya Bwana hii! Tumbaku ya Lupa, daraja la kwanza, imeombewa! Nani ataanza?" Na wakaanza, kwa kuwa tumbaku ilikuwa nzuri kweli, mkulima mmoja wa Ismani akatamka bei na mwingine akaongeza. Mwinjilisti alikuwa bado ndani akiongea na wageni. Mzee Kalinga alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, anatazama kiko chake kikipigwa mnada. Na mimi nikaona mkono wa Mama Upendo ukipanda.

Alipandisha, mkulima akapandisha, naye akapandisha tena, kwa pesa ambayo najua ilikuwa ya mabati. Alipopewa, usharika wote ulipasuka kwa vigelegele. Waliona mwanamke aliyenunua adui wa mumewe ili akamwangamize. Mwinjilisti alitoka mbio, akaelewa nusu yake, akampa mkono na kumwonyesha njia ya kwenda shimoni. Mama Upendo akasema, "Asante, mwinjilisti. Hii nimenunua," akafunga vyote kwenye kitenge, akaenda nyumbani.

Jioni ile baada ya kula sikuambiwa nitoe vyombo, nikajiendea chumbani. Jiko likasogezwa. Nikasikia kitenge kikifunguliwa, na kitu kikiwekwa mezani.

"Vuta," Mama Upendo alisema.

"Wewe mwanamke una wazimu?"

"Vuta kidogo tu. Jumapili kwa Jumapili. Tuongee."

"Nimeitoa madhabahuni. Umeniona."

"Na mimi nimeinunua mnadani. Mbona jogoo wetu tunamtoa, tunamnunua wenyewe, tunamla? Ni halali."

"Jogoo mimi sikumwapia."

Sauti ya Mama Upendo ikaja, ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Baba Upendo, nyumba imekuwa kimya. Nakaa hapa kama nimeshafiwa. Daktari alisema utakufa ukivuta. Hakuniambia hii nyingine."

"Unataka nife nikiongea?"

"Nataka uongee."

"Siwezi," mzee alisema. "Najaribu. Hakiji kitu. Lakini sivuti." Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa upendo au ukatili, na huenda lilikuwa vyote. "Uliniomba niishi. Naishi."

Sikulala mapema, lakini hapakuwa na la zaidi. Asubuhi nilimkuta Mama Upendo bandani akichambua ule msokoto wa Lupa jani kwa jani, akiyatandika kwenye viota vya kuku wanaoatamia, maana utitiri hauipendi tumbaku. Alifanya kazi ile kwa makini sana na hakuniangalia. Kiko alikipangusa kwa pindo la kanga, akakiingiza kwenye kabati la vioo, katikati ya glasi za wageni. Hakukificha. Kila aliyeingia nyumba ile alikiona, na kila aliyejua habari ya mnada alikisifu kama kombe la ushindi. Mwezi uliofuata mjukuu alizaliwa Kilolo, mzee akaenda kumbeba kwa mapafu yake mapya. Mwisho wa mwaka nilimaliza chuo, nikarudi Mbeya.

Niliendelea kuwatembelea. Bibi wa ugoro alikufa mzee sana. Fundi uashi yupo na anavuta; aliteleza siku nyingi, tena bila kumsubiri mzee. Mama Upendo alizeeka akiongea peke yake, kwa maana kwamba aliongea na mumewe naye akaitikia, "Ee," "Ndiyo," "Labda." Mazoea yana taabu, hata ya upweke ukiyazoea huoni tena kwamba ni upweke. Alimsimulia mumewe hadithi za mumewe. Nilimkuta mara moja akimweleza habari ya breki za Kitonga, lori, utingo, koti na vyote, na mzee anaitikia kwa kichwa kama habari ya mtu wasiyemjua. Mwaka jana Mama Upendo alianza kuvimba miguu. Moyo, walisema. Hakuwahi kuvuta hata siku moja.

Tulimzika Jumamosi, kwenye jua kali la msimu wa baridi. Niliimba nyimbo zote, nikarusha udongo wangu, sikuhisi kitu. Kesho yake jamaa wengi waliondoka, sisi tuliobaki tulikuwa tunaosha masufuria ya msiba. Upendo alinituma nimwulize baba yake kama atakunywa uji. Nikaenda pale bombani, nikachuchumaa mbele yake. Hakujibu habari ya uji. Akasema, "Atu, kile kiko bado kipo kabatini?"

Nikamwambia kipo. Akasema nimletee. Nilisita, nikamwambia, "Baba, tumbaku hatuna." Akasema, "Nani amekuomba tumbaku?" Nikaenda, nikapita kati ya wanawake waliolala mikekani, nikafungua kabati, nikakitoa kati ya glasi. Hakikuwa hata na vumbi. Mama Upendo alikuwa akikipangusa.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza, akatafuta kwa ulimi ule upande uliolika, akakikamata kwa meno. Kidole gumba chake kikashindilia kitu ambacho hakikuwapo. Akavuta hewa, akaitoa. Na akaanza kuongea.

Alisema jina la mama muuza uji wa Igawa. Alisema Mama Upendo siku alipomwona mara ya kwanza alikuwa amebeba debe la maji, amekasirika, kwa sababu lori lake lilikuwa limemrushia tope. Alisema alisimamisha lori ili aombe msamaha, akatukanwa, akaamua palepale. Alimwiga sauti yake. Upendo alitoka jikoni na mikono ya povu, akasimama. Wanawake wakaamka mmoja mmoja, wakaja mlangoni. Watu wazima waliozaliwa na kukulia katika ukoo ule hawakuwa wamewahi kumsikia akisimulia. Aliongea mpaka jua likatoka bombani likahamia kwenye ukuta wa jirani. Mjukuu wake wa Kilolo, mwanamume mwenye watoto sasa, alicheka kwa sauti halafu akaziba mdomo, akikumbuka kwamba tuko msibani.

Alipomaliza alikitoa kiko mdomoni, akakigonga kwenye mguu wa kiti, tak tak, kumwaga majivu. Hakikudondoka kitu. Akaangalia pale chini, kisha akaangalia ndani ya kiko, kisha akaniangalia mimi.

"Kitupu," alisema. "Atu, ilikuwa inatosha kitupu?"

Nikasema, "Inaonekana, baba."

"Miaka yote hii kilikuwa pale kabatini." Sauti yake haikupanda. "Yeye hakuwaza?"

"Hakuna aliyewaza."

Akaendelea kuniangalia, akisubiri kama kuna la zaidi. Nikamwuliza tena habari ya uji, akasema ndiyo, niweke sukari, na nikaenda jikoni kuuchota, na huko, nimeshika upawa, ndipo nilipoanza kulia.